Filamu ya digrii 360: kamera isimame wapi?

Waongozaji wengi wanaohamia kwenye uhalisia pepe (VR), yaani filamu inayomzunguka mtazamaji pande zote akiwa amevaa miwani maalumu, huanza kwa kuuliza inunuliwe kamera gani. Swali kubwa zaidi ni kamera hiyo isimame wapi. Filamu ya kawaida ina fremu, na nje ya fremu unaficha taa, nyaya na watu wa kazi. Hapa mtazamaji akigeuza shingo anaona yote, na pale ulipoiweka kamera ndipo anapojikuta amesimama yeye.

Kimo kwanza. Lenzi ilingane na macho ya mtu: sentimita 150 hadi 160 kwa tukio la watu waliosimama, 110 hadi 120 kwa waliokaa. Ukiipandisha mita 2, mtazamaji anahisi anaelea. Mara nyingi hilo hutokea kwa sababu tu tripodi imerefushwa kwa mazoea.

Umbali ndio unaoharibu kazi nyingi. Kamera ya lenzi mbili hupiga nusu duara mbili, kisha programu inaziunga. Lenzi hizo zimeachana kidogo, kwa hiyo kila moja inamwona mtu wa karibu kwa pembe yake. Akisimama kwenye mshono, yaani pale picha hizo mbili zinapoungana, chini ya mita 1 kutoka kwenye kamera, pembe hizo hazilingani: mkono unakatika, bega linatoweka na kurudi, uso unapinda. Kurekebisha hilo baadaye ni kazi ya fremu moja moja, na mara nyingi alama inabaki. Dawa yake iko siku ya kupiga. Waigizaji wakae mita 1.5 hadi 3, tendo kuu lielekee katikati ya lenzi moja, na mshono uangukie ukutani au kwenye kitu kisichosogea. Wakati wa mazoezi bandika utepe sakafuni mahali mshono unapopita ili kila mwigizaji aujue, halafu ubandue kabla ya kurekodi.

Usiwapeleke mbali sana pia. Picha yenye upana wa pikseli 5,760 imesambaa digrii 360 zote. Katika digrii 90 anazotazama mtu kwa wakati mmoja zimo pikseli 1,440 tu. Kwa 7,680, yaani 8K, anapata 1,920. Ndiyo maana 8K hapa si anasa, na uso ulio mita 5 hausomeki.

Mwangaza na rangi viwekwe kwa mkono, sawa kwa lenzi zote. Ukiacha otomatiki, rangi hubadilika katikati ya tukio na mshono unaweza kuonekana.

Kamera isisogee bila sababu. Macho yanasema mwili unakwenda, sikio la ndani linasema umetulia, na mtazamaji anapata kichefuchefu. Ikilazimu, nenda mstari mnyoofu kwa kasi isiyobadilika. Kuizungusha kamera kwenye tripodi, hapana kabisa.

Sauti ndiyo inayomwambia mtazamaji ageukie wapi, na inasikitisha kuona inavyoachwa hadi mwisho. Maikrofoni ya ambisoniki, inayonasa sauti za pande zote kwa vinasa vinne, ikae chini kidogo ya kamera, na mbele yake ilingane na mbele ya kamera. Ukikosea, anayeongea mbele anasikika nyuma. Mvalishe kila mwigizaji maikrofoni ndogo ndani ya nguo, kwa sababu ile ya ambisoniki inazoa mwangwi wa chumba. Mtu akitaka kuingia kutoka kushoto, nyayo zake zisikike sekunde 1 au 2 kabla. Kabla ya kukata, kadiria mtazamaji anaangalia wapi, kisha zungusha picha inayofuata ili jambo kuu lianzie hapohapo.

Toa faili kwa uwiano wa 2:1, na hakikisha taarifa za digrii 360 zimeandikwa ndani yake. Zikikosekana, kichezeshi kitaonyesha picha bapa iliyovutika. Halafu vaa miwani ya uhalisia pepe, simama, na uitazame kazi yote ukiwa umegeukia nyuma.