Siku moja mezani kwa mhariri wa jarida la makumbusho, Lindi

Saa moja asubuhi. Kabla ya kuwasha kompyuta nakagua mchwa kwenye majalada. Unyevu wa bahari nao hauna huruma na karatasi, kwa hiyo madirisha wazi.

Saa tatu. Makala ya Tendaguru, kile kilima cha mkoani Lindi kilichofukuliwa mifupa ya dinosaria, iko mezani. Mwandishi kajitahidi: Mjerumani Sattler kuiona mifupa mwaka 1906, wenzake Janensch na Hennig kuchimba kuanzia 1909, tani zaidi ya 200 kupakiwa melini hapa Lindi, na mjusi, yaani dinosaria mwenyewe, kusimamishwa Berlin mwaka 1937, leo kimo chake mita 13 na ushee. Wazungu wote wana majina. Wenzetu ni "vibarua", basi. Nampigia.

"Shikamoo, mwalimu. Boheti mbona simwoni?"

"Marahaba. Boheti yupi tena?"

Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji, ambaye hata Wajerumani wenyewe walimpiga picha na kumwandika! Ameahidi kumwingiza.

Saa tano. Kaja mzee kutoka vijiji vya huko bara. Namwekea kiti karibu na feni, chai, vitumbua viwili, kisha nawasha kinasa sauti. Babu yake alibeba mifupa hadi Lindi kwa miguu. Mzee anasimama kuonyesha: mipande midogo kichwani juu ya ngata, mikubwa kwa mpiko, mti wa begani, mmoja mbele mmoja nyuma. Anajipiga begani. "Hapa palikuwa na sugu, mjukuu wangu. Mimi nimeishika."

Kisha anasema bwana wa babu yake alikuwa Mwingereza. Mwanafunzi wetu wa fildi ananinong'oneza: babu kachanganya, Tendaguru ni Mjerumani. Namkanyaga mguu. Mzee akishaondoka ndiyo namwonyesha: Waingereza nao walichimba pale, 1924 hadi 1931, na kiongozi wao wa kwanza, Cutler, alikufa kwa malaria hapahapa Lindi mwaka 1925. Wasomi wengi huishia 1913, Wajerumani walipomaliza kuchimba. Mzee hakuishia hapo, na maneno yake yatachapwa kama alivyoyasema, na jina lake juu.

Saa nane. Wali, samaki, na hesabu za mpiga chapa. Tuziache.

Saa kumi na nusu. Makala imerudi. Boheti yumo, aya ya pili. Picha moja ya Janensch nimeitoa, nafasi yake inaingia ya wapagazi. Kichwa cha makala bado "Mjusi wa Wajerumani". Hicho tutagombania kesho.