Siku moja maishani mwangu: kumfundisha daktari wa upasuaji kushika mrija wa endoskopi

Saa 1:00 asubuhi. Wengi hudhani kwamba anayejua kupasua tumbo hawezi kushindwa na mrija wenye kamera. Mimi ndiye ninayewapokea madaktari wa upasuaji wanapogundua kwamba mikono iliyozoea kisu na uzi inaanza kujifunza upya: wa kushoto huzungusha magurudumu mawili ya kupindisha ncha, wa kulia husukuma na kusokota mrija, na macho hayabanduki kwenye skrini.

Saa 2:00 hadi saa 4:00. Wagonjwa watatu wa endoskopi ya umio na tumbo, wote salama.

Saa 4:30. Kolonoskopi, yaani kuuchungulia utumbo mpana kwa mrija huo, ya mama anayetokwa na damu wakati wa haja kubwa. Daktari mwanafunzi alifika kwenye sigmoidi, sehemu iliyopinda ya utumbo mpana, akakwama. Kila aliposukuma, picha ilirudi nyuma badala ya kusogea mbele, dalili ya kwamba mrija umejikunja kitanzi ndani ya utumbo. Ukiendelea kusukuma hapo, unavuta utando unaoushikilia utumbo, na maumivu hutoka huko. Ukitumia nguvu zaidi, utumbo unaweza kutoboka. Licha ya dawa ya kumtuliza, mama alikunja uso. Mikono yangu ilitamani kuuchukua mrija, nikaifumbata nyuma ya mgongo.

“Daktari, vuta nyuma.”

“Mwalimu, nikivuta nitapoteza hatua niliyofikia.”

“Uliyofikia ni kitanzi. Fyonza hewa, sokota kulia, uvute taratibu.”

Tulimlaza mama chali, sista akamkandamiza tumbo chini kushoto. Jaribio la kwanza likateleza, la pili vilevile. Dakika 25 zilipita, miguu yangu ikawaka moto, na wagonjwa wawili walikuwa wakisubiri nje. Katika jaribio la tatu mrija ulinyooka, na huku mkono wake ukivuta nyuma, ncha ikasonga mbele yenyewe. Hisia hiyo ya kiganjani siwezi kuieleza kwa maneno. Lazima mtu aipate mwenyewe.

Tulipoliona tundu la kidoletumbo na vali ya utumbo mwembamba, alama za kwamba tumefika mwisho wa utumbo mpana, nilimwambia apige picha, kisha atoke polepole. Kurudi kusichukue chini ya dakika 6, kwa sababu ugonjwa hutafutwa wakati wa kutoka. Nyuma ya mkunjo mmoja aliokwisha kuupita, nilimrudisha, akakiona kinyama cha milimita 5 hivi, akakikata kwa waya.

Mchana ulikwenda hivyohivyo, sikumbuki vizuri saa. Nchini Marekani anayesomea upasuaji hutakiwa kufanya angalau kolonoskopi 50 na endoskopi za umio na tumbo 35, lakini idadi hainionyeshi kama mtu anakitambua kitanzi kabla mgonjwa hajaumia. Hilo hulioni mpaka usimame kando yake.

Jioni, mirija ikiwa imepimwa uvujaji na kuoshwa, nilijaza fomu ya tathmini ya daktari yule wa asubuhi: “Ameondoa kitanzi mwenyewe. Sikugusa mrija.”