McDavid na miaka yake miwili

Edmonton, Oktoba 2025

Basi imekuwa rasmi. Connor McDavid ametia saini mkataba mpya na Oilers, klabu yetu ya hoki ya barafuni hapa Edmonton, Kanada, lakini wa miaka miwili tu, kwa dola milioni 12.5 kwa mwaka, mshahara uleule anaolipwa leo. Utaanza msimu wa 2026-27 na kwisha kiangazi cha 2028. NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, huweka ukomo wa mishahara ya timu nzima, na msimu huo ukomo utapanda hadi dola milioni 104. Kwa kanuni za ligi mchezaji mmoja anaweza kulipwa hadi asilimia 20 ya ukomo, kwa hiyo nahodha wetu angeweza kudai zaidi ya milioni 20. Hakudai. Fedha hizo ameziacha makusudi ili timu imudu kuwaleta wengine wa kumsaidia.

Lakini kazini leo hakuna aliyezungumzia alichoacha. Kila mtu alishika ile miaka miwili. Mzee mmoja tunayepanga naye zamu, mzaliwa wa hapahapa, alisema wazi: kama hana nia ya kukaa, abadilishwe angali na thamani, maana bora nusu shari kuliko shari kamili. Nimerudi nyumbani nikiwa na hayo maneno kifuani, kwa sababu si ya kipuuzi.

Kwa ndugu zangu mliozoea usajili wa soka, huku mambo ni tofauti. Siku hizi klabu haimuuzi nyota kwa fedha ikatia benki. Inampeleka kwingine na kupokea wachezaji, pamoja na haki ya kuchagua chipukizi katika mgawo wa kila mwaka. Swali basi haliwi tutapata kiasi gani, bali tutampata nani. Kwa mchezaji kama huyu, nani?

Mji huu umeshapitia hayo. Tarehe 9 Agosti 1988 mmiliki wa wakati huo, Peter Pocklington, alimpeleka Wayne Gretzky Los Angeles. Gretzky alikuwa na umri wa miaka 27 na ametoka kutwaa Kombe la Stanley, lile la ubingwa wa NHL, kwa mara ya nne. Edmonton ilipokea Jimmy Carson, Martin Gelinas, haki tatu za kuchagua chipukizi wa raundi ya kwanza na dola milioni 15 taslimu. Mbunge mmoja, Nelson Riis, aliitaka serikali ya Kanada iuzuie mpango huo. Mzee wangu wa zamu alikuwa kijana wakati huo, na hadi leo akiusimulia husimulia kama msiba wa nyumbani. Machipuko yaliyofuata Gretzky akarudi na jezi ya Los Angeles, akawatoa Oilers katika raundi ya kwanza ya mtoano baada ya michezo saba. Sanamu yake ya shaba iko nje ya uwanja wa Rogers Place, kombe amelinyanyua juu ya kichwa, na watoto hupigwa picha chini yake wakiwa wamevaa namba 97 ya McDavid.

Wanaotaka McDavid atolewe watakukumbusha kwamba Oilers walitwaa kombe tena 1990 bila Gretzky. Ni kweli. Tena Carson alipopelekwa Detroit alituletea Petr Klima, ambaye ndiye aliyefunga bao katika muda wa nyongeza wa tatu, mchezo wa kwanza wa fainali dhidi ya Boston. Sitawanyima hoja hiyo. Ila Mark Messier, Jari Kurri na Glenn Anderson walikuwa bado hapa, mabingwa waliokwisha kukomaa. Walipotawanyika, kombe nalo likawa historia. Hatujaligusa tangu hapo.

Na zile haki za kuchagua? Sisi tulichagua wa kwanza katika ligi nzima miaka mitatu mfululizo, 2010 hadi 2012. Wa mwaka 2012 alikuwa Nail Yakupov, na kufikia 2018 alikuwa ameshaondoka NHL. Wa mwaka 2010, Taylor Hall, tulimbadilisha 2016 kwa beki mmoja, Adam Larsson. Miaka miwili baadaye Hall akiwa New Jersey akachukua tuzo ya mchezaji bora wa ligi. Klabu yenye kumbukumbu hizo iniambie vipi kwamba itapata fidia ya McDavid?

Jirani zetu wa Calgary walionja njia zote mbili kiangazi kimoja, 2022. Johnny Gaudreau, Mungu amrehemu, mkataba wake uliisha akaenda Columbus, nao wakabaki mikono mitupu. Siku chache baadaye Matthew Tkachuk aliposema hatasaini kwa muda mrefu, wakampeleka Florida na kupokea Jonathan Huberdeau, aliyekuwa ametoka kupata pointi 115 (mabao na pasi za mabao) kwa msimu, pamoja na MacKenzie Weegar na nyongeza nyingine. Kwa karatasi walipata zaidi ya walichotoa. Msimu uliofuata Huberdeau alipata pointi 55. Tkachuk amebeba Kombe la Stanley mara mbili, 2024 na 2025, na mara zote mbili fainali alizishinda dhidi yetu.

Kuna jambo jingine ambalo mzee wangu analiruka. Mkataba wa McDavid una kifungu kinachoizuia klabu kumhamisha bila ridhaa yake. Akikubali kwenda, atataja anakotaka, na klabu iliyotajwa itajua haina mshindani. Utapangaje bei na mnunuzi mmoja?

Nikipima yote, mimi nasema asitolewe, hata kama 2028 ataondoka bure. Juni 2024, mchezo wa sita dhidi ya Dallas, nilimwona akimwendea Miro Heiskanen, mmoja wa mabeki bora waliopo, akaivuta paki, kile kisahani cha mpira kinachochezewa hoki, huku na huku kama vile imefungwa kwenye fimbo, akapita, akafunga. Mwanangu alikuwa amesimama juu ya kochi na sikumkemea. Usiku ule tuliingia fainali. Hakuna chipukizi wa raundi ya kwanza atakayenipa hilo kwa ahadi.

Kazi iliyobaki ni ya klabu. Mara mbili tumefika fainali, mara mbili langoni pamevuja; mwaka 2025 Stuart Skinner na Calvin Pickard walipokezana lango katika fainali ileile. Mtu akikuachia mamilioni ya mshahara wake, mtafutie golikipa. Na atafutwe kabla ya Machi, dirisha la kubadilishana halijafungwa.