Sinema iliyoanza na meli kuzama

Jana usiku nimeangalia tena In Which We Serve, filamu ya Kiingereza ya vita vya pili vya dunia, ni mara ya tatu sasa, na ile sehemu ya Hardy bado inanikaba koo. Yaani baharia mtu mzima yuko vitani, kila siku anajua wa kufa ni yeye, kumbe mkewe ndo keshauawa na bomu huko nyumbani Plymouth, na wa kumpa habari ni baharia mwenzake kijana, aliyeipata kwenye barua, na barua hiyohiyo imemwambia yeye amepata mtoto wa kiume. Hapigi kelele. Sisi huku ndo tunalia.

Kinachonishangaza ni kwamba hii ni propaganda, ilitoka 1942 vita ikiwa imepamba moto na hakuna aliyejua itaishaje. Noël Coward aliiandika, akacheza kapteni, akaiongoza pamoja na David Lean, na kisa alikichukua kwenye manowari HMS Kelly ya rafiki yake Louis Mountbatten, ofisa wa jeshi la maji aliyekuwa kapteni wake, ile iliyozamishwa na ndege za Wajerumani karibu na Krete mwezi Mei 1941. Wizara ya Habari ya Uingereza haikuipenda, ilihofia kwamba manowari ya Kiingereza kuzama kwenye skrini kutaaibisha nchi, na Mountbatten ndo akaipigania mpaka ikapita. Watu wakajaa kuiangalia. Mi nadhani ni kwa sababu walikuwa wanajiona wenyewe mle ndani, foleni ya treni, wake waliobaki, mabomu usiku, mtu huwezi kumdanganya kitu anachokiishi.

Sasa linganisha na Japani. Desemba ya mwaka huohuo wa 1942, mwaka mmoja baada ya Wajapani kuishambulia Pearl Harbor, bandari ya manowari za Marekani huko Hawaii, ikatoka filamu ya Kajiro Yamamoto kuhusu ushindi wa Hawaii na bahari ya Malaya, jeshi la maji liliunga mkono, na Eiji Tsuburaya, fundi wa picha za hila, aliijenga upya bandari hiyo kwa vijimeli vidogo kwa ufundi ambao mpaka leo unakuacha mdomo wazi, kwa kweli kikazi nampa heshima zake zote. Lakini zile meli za kubebea ndege zilizoenda Hawaii zilikuwa sita, na nne kati yake, Akagi, Kaga, Soryu na Hiryu, zilishazama tangu Juni kwenye mapigano na Wamarekani huko Midway, kisiwa cha bahari ya Pasifiki. Wananchi walitangaziwa imezama moja tu na nyingine imeharibika. Majeruhi waliorudi wakafichwa hospitalini wasikutane na watu.

Nafikiria mama aliyekaa kwenye kiti cha sinema Desemba ile, mwanae alipangiwa Kaga, anaangalia ndege zinaruka kutoka kwenye meli na ukumbi mzima unashangilia, na yeye anashangilia nao, huku meli yenyewe ina miezi sita iko chini ya bahari.