Bibi na kunde za Savannah

Jirani katuletea kunde tena. Huku Georgia, Marekani, tarehe 1 Januari lazima ule kunde na sukuma, ati kunde ni bahati na sukuma ni pesa, sisi tunakula kila mwaka na hizo pesa bado ziko njiani. Mtoto akafunua sufuria akasema, hizi si ndio zile alikataa Bibi? Hakuzikataa, nikamwambia, lakini kueleza kilichotokea nikashindwa, basi wacha niandike.

Mama yangu, ndiye Bibi yao, alikuja kututembelea na baba watoto akasema tumpeleke mji wa Savannah akale chakula cha huku chenyewe, si hizi baga. Ni mwendo wa kama masaa manne kutoka Atlanta, ya njiani tuyaache. Tukaenda mkahawa wa Mrs. Wilkes, pale Jones Street, zamani ilikuwa nyumba ya wapangaji, Sema Wilkes akaichukua 1943 akawa anawapikia, yeye alifariki 2002 lakini familia yake bado inalisha watu. Hakuna kubuku, unapanga foleni nje na jua lako, ukiingia unakalishwa meza ya watu kumi na watu huwajui, mabakuli yashajaa mezani, unajipakulia unampitishia wa pembeni. Hapo Mama alifurahi, manake hoteli za kila mtu na sahani yake yeye anasema ni za wagonjwa.

Halafu akaanza kukagua. Kunde. Bamia. Wali. Viazi vitamu. Sukuma. Kuku wa kukaanga yupo, tena ngozi inalia mdomoni, hata hakumwangalia. Akaniinamia, "Mwanangu, mimi nimekesha kwenye ndege nije kula kunde?" Sukuma wenzetu wanaichemsha muda mrefu na nyama ya moshi, Mama akaonja akasema hii imechemka mpaka imesahau ilikuwa jani. Akaongeza nyingine, lakini.

Sasa akauliza hivi vyakula vyetu vimefikaje huku. Nikajieleza kwa haraka, mdomo umejaa, kwamba kunde na bamia zimetoka Afrika enzi za meli za watumwa, na mpunga wa pwani hii ulilimwa na watumwa, wengine walitoka Afrika Magharibi kwenye mashamba ya mpunga wanaujua vizuri kuliko hao mabwana zao. Mama akaweka kijiko chini. Huyu ni mtu wa Kisauni, Mombasa, amekulia karibu na ile kengele ya Freretown, mahali walipowekwa watumwa waliokombolewa miaka ya 1870, kwa hiyo habari za minyororo hana haja ya kusimuliwa na mimi. Mkono mmoja ameushikilia kwenye bakuli la bamia, na mzee wa ng'ambo ya meza kanyoosha mikono anasubiri apitishiwe, anatabasamu, anasubiri tu. Mkono wa pili Mama akachukua punje moja ya kunde akaiviringisha kwenye ukingo wa sahani, lile doa jeusi linatokea linapotea.

"Mtu kafungwa mikono na miguu. Hizi alizibeba na nini?"

Nikamwambia wapo wanaosema wanawake walificha mbegu kwenye nywele, na wapo wanaosema wenye meli wenyewe ndio walipakia vyakula vya Afrika wawalishe watu wasiwafie njiani, zilizobaki zikapandwa huku.

"Ala. Masurufu ya mzigo."

Sikuwa na jibu, na yule mzee mikono bado iko hewani. Mama akashtuka, akampitishia bamia, akamwambia sori kwa Kiingereza chake cha shule ya misheni, kisha akala kunde zote, hakubakisha hata moja, na kama ilikuwa heshima ama njaa ama hasira mimi sijui mpaka leo.

Pale ukimaliza unabeba sahani yako mwenyewe mpaka jikoni. Hiyo ndiyo stori aliyorudi nayo Mombasa, wenzake wa kanisani wote wanaijua, kwamba Marekani unalipa hela nyingi halafu unajiondolea vyombo. Ya masurufu hawasimulii. Leo nimempigia simu heri ya mwaka mpya nikamkumbusha lile swali, akasema yeye hakuuliza kitu kama hicho, na je watoto wamekula?