Mkojo kuponyoka baada ya kuzaa

Tangu nijifungue huyu wa pili nimekuwa nikikohoa kidogo, nikipiga chafya, nikinyanyua ndoo, mkojo umeshaponyoka. Sio mwingi ila nguo imelowa. Na kilichoniumiza kuliko vyote ni swala, yani nimeshatawadha, nimesimama, inakuja chafya udhu umetenguka, narudi upya, na hata nikimaliza bila kuponyokwa rakaa zote akili ilikuwa huko chini inasikilizia. Nimelia sana kwa hilo.

Shangazi nilipomwambia akasema mwanangu ndo uzazi huo, sote tuko hivo, vaa pedi. Hakusema kwa ubaya, yeye mwenyewe anavuja miaka na miaka. Huku kwetu ukizaa unakandwa maji ya moto, unafungwa tumbo, unapewa uji wa pilipili manga, arobaini nzima unatunzwa, kliniki mtoto anapimwa uzito anachanjwa, lakini hakuna anayekuuliza mama, mkojo unaushika? Swali fupi tu hilo. Linanikera mpaka leo kwamba halipo.

Mkunga mmoja ndo akanielekeza kwa fizio, yani mtaalamu wa mazoezi ya tiba, na mi nilijua fizio ni wa waliovunjika na waliopata kiharusi. Kumbe chini ya nyonga kuna misuli imetandwa kama kamba za kitanda, kutoka mfupa wa kinena mbele mpaka kifandugu nyuma, inabeba kibofu, kizazi na utumbo wa mwisho. Mimba inailemea, kujifungua kunaivuta na saa ingine kuichana, halafu ukiwa na kikohozi kisichoisha au choo kigumu au kazi ya kubeba vitu vizito inazidi kuchoka. Sa ukikohoa tumbo linasukuma chini ghafla na misuli haiwahi kufunga njia.

Yule fizio akaniomba ruhusa anipime kwa kidole ukeni, ana glavu, mlango umefungwa, akanambia ukitaka niache sema tu. Bana mama, kama unazuia upepo usitoke mbele za watu. Nikabana mapaja, makalio, na pumzi nimeiziba, akasema hapana, legeza miguu, endelea kupumua, vuta kwa ndani kupanda juu. Ilichukua muda mpaka nikaisikia, na nilipoisikia nilifurahi jamani, maana nilishaamini huko hakuna kitu tena. Kuna kipimo cha 0 mpaka 5, yangu ilikuwa 2. Dhaifu lakini ipo hai.

Dozi yenyewe ni kubana na kushikilia, taratibu mpaka ufikie sekunde 10, halafu unalegeza kabisa kwa muda uleule, mara 8 mpaka 12, kutwa mara tatu, na ujipe angalau miezi mitatu ndo uanze kusema imesaidia au haijasaidia. Ukihisi chafya inakuja unabana kwanza ndo unapiga, na hii kwangu ndo ilileta nafuu mapema kuliko vyote. Akanikataza kujizoesha kwa kukata mkojo katikati chooni kwa sababu kibofu kinaweza kubaki hakijaisha. Akanikataza pia kujinyima maji, mkojo ukikolea unakera kibofu, cha kupunguza ni chai ya rangi (hapo niliumia kidogo).

Haya mambo sio mapya, daktari wa Marekani Arnold Kegel aliyaandika tangu 1948, na Ufaransa mama akishajifungua bima ya taifa inamlipia vipindi vya fizio kwa ajili ya misuli hiyohiyo. Kwetu mpaka ubahatike kukutana na mkunga anayejua.

Sasa hivi naswali swala kadhaa kwa udhu mmoja. Kuruka kamba bado, mafua makali bado yananishinda, naendelea.

Ila naomba mtu asisome hapa akaanza kubana tu. Kuna wanawake misuli yao imekaza badala ya kulegea, tendo la ndoa linawauma, choo hakitoki, hao wakizidisha kubana wanaongeza maumivu, wao wanafundishwa kulegeza na kupumua. Na kama mkojo unatoka muda wote usiku na mchana bila hata kukohoa, hasa baada ya uchungu wa muda mrefu, hiyo inaweza kuwa fistula, yani kuna tundu kati ya kibofu na uke, mara nyingi mpaka upasuaji, mazoezi hayalizibi. Hospitali ya CCBRT pale Dar es Salaam wanatibu fistula bure, nenda, usijifungie ndani.

Shangazi sasa ananiuliza kila siku nimfundishe. Nimemkatalia mpaka apimwe kwanza, anasema kwa umri wake hawezi kulala mbele ya mtoto wa watu. Nimemwambia yule fizio ni mwanamke na ana adabu, na kwamba nitakaa naye mulemule ndani. Amesema atafikiria.