Sayansi tunaipenda ikitusifia: klipu, kupatwa kwa jua na ugomvi wa mwezi

Assalaam alaykum ndugu zangu. Kila Shaabani ikiingia magrupu ya WhatsApp yanajaa vitu viwili, kwanza zile klipu za "sayansi yathibitisha Quran" zenye picha za sayari na sauti nzito, alafu ikifika jioni ya mwezi 29 unaanza ugomvi, umeandama haujaandama, nani kauona, tufuate Makka au tufuate wa kwetu. Kinachoniumiza ni kwamba mtu anakuwa mmoja. Yuleyule aliyeforwadi klipu mchana kwamba wanasayansi wamesalimu amri mbele ya Quran, usiku akitokea mtu wa falaki, elimu ya nyota na mwendo wa jua na mwezi, kusema mwezi wa leo unatua kabla ya jua kwa hiyo hakuna jicho litakalouona, anamjibu sisi hatufuati hesabu za makafiri. Yani sayansi ikitusifia tunaikumbatia, ikisema shahidi wetu kachanganya tunaifukuza, na mi naona hili ni jambo la dini kabisa, sio la ushabiki.

Tuanze na klipu maana ndio nyingi. Ile ya ufa kwenye mwezi mmeiona wote, picha ya mstari mrefu alafu chini kimeandikwa Nasa wamekiri mwezi ulipasuka. Picha yenyewe ni ya kweli, ilipigwa na wanaanga wa Apollo 10 mwaka 1969, na ule mstari ni bonde linaitwa Rima Ariadaeus, urefu wake kilomita 300 hivi. Sasa kilomita 300 ni kama Dar mpaka Mombasa ukipita juu kwa ndege, na mzunguko mzima wa mwezi ni karibu kilomita 10,900, kwa hiyo huo sio mshono wa mwezi uliogawanyika ukaunganika, ni ardhi iliyotitia katikati ya nyufa mbili, na mabonde kama hayo mwezini yapo mengi. Kuna na ile ya Neil Armstrong kusikia adhana mwezini akasilimu. Hiyo ilienea mpaka mwaka 1983 wizara ya mambo ya nje ya Marekani ikaziandikia balozi zake kwenye nchi za Waislamu kwamba bwana huyu hajasilimu. Mwaka 1983! Na mpaka leo naletewa.

Mimi naamini mwezi ulipasuka. Naamini kwa sababu imo kwenye Suratul Qamar na kwenye hadithi sahihi, na muujiza ni muujiza, Mwenyezi Mungu aliufanya, waliokuwepo wakauona, ukapita. Haungoji picha ya Apollo. Ukimfundisha kijana kwamba dalili ya aya ni picha ya Nasa, siku akiingia chuo akakuta ile picha ni bonde la kawaida, umemfanyia nini? Umeifunga aya kwenye kitu ambacho aya yenyewe haikukitaja, na kikianguka anadhani aya ndio imeanguka. Nawajua vijana waliofika hapo na hakuna aliyewafikisha isipokuwa sisi kwa forwadi zetu.

Na jamani Mtume mwenyewe s.a.w. alishatufundisha hili kwa kitendo. Alipofiwa na mwanawe Ibrahim, siku ileile jua likapatwa. Watu wa Madina wakasema jua limepatwa kwa sababu ya kifo cha Ibrahim. Hebu fikiria, baba amemzika mtoto, na mji mzima unataka kuamini kwamba mbingu zinaomboleza pamoja naye. Angenyamaza tu ingekuwa "dalili" kubwa kuliko klipu zote tulizonazo. Hakunyamaza. Akasema jua na mwezi ni ishara mbili katika ishara za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuzaliwa kwake, mkiona hivyo swalini na ombeni. Leo hesabu za falaki zinarudi nyuma miaka 1400 na zinaonyesha kupatwa kwa jua kulikoonekana Madina tarehe 27 Januari 632, miezi michache kabla ya yeye mwenyewe kufariki. Kila nikiisoma hadithi hii natetemeka kwa ukweli wa huyu mtu, alikataa sifa ya uongo katika siku ambayo hakuna ambaye angemlaumu kuipokea.

Kwa hiyo uhusiano wa Quran na sayansi mi siutafuti kwenye klipu. Nautafuta pale ambapo dini yenyewe inakulazimisha uangalie juu. Swala ina saa zake za jua, kibla kinataka ujue uko wapi na Makka iko wapi, mirathi inataka sehemu za hesabu, na funga na Hija zinataka mwezi. Suratu Yunus aya ya 5 inasema mwezi umepimiwa vituo ili tujue idadi ya miaka na hesabu. Suratur Rahman, jua na mwezi viko kwa hesabu. Yasin tunaisoma kila siku, ule mwezi unaokonda mpaka urudi kama karara kongwe. Wazee wa Kiislamu walizichukua aya hizi kwa uzito wakafanya kazi, sio kungoja mtu agundue alafu wao waseme tulijua. Pale msikiti mkubwa wa Damascus alikuwepo Ibn al-Shatir, kazi yake msikitini ilikuwa kusimamia nyakati, na mwaka 1371 aliweka saa ya jua kwenye mnara wa msikiti. Mtu wa falaki ndani ya msikiti, analipwa na msikiti. Sisi saivi hata kwenye kamati ya mwezi hatumuiti.

Sasa mwezi wenyewe unaendaje, maana tunagombana wengi hatujaelezwa. Kila baada ya siku 29 na nusu hivi mwezi unapita upande wa jua, upande wake unaong'aa unakuwa umetupa mgongo, hatuoni kitu. Hapo watu wa falaki wanapaita mkutano, na unajulikana mpaka dakika yake miaka mingi mbele. Baada ya mkutano mwezi unaanza kuachana na jua, kama nusu digrii kwa saa, na mpaka waachane digrii 7 hivi hamna hata uzi wa kuonekana, hiki ni kipimo alichokitoa Mfaransa anaitwa Danjon miaka ya 1930. Kwa hiyo mwezi wenye umri wa saa tano au sita haumuoneshi mtu kitu hata awe na macho ya mwewe. Rekodi inayotajwa ya jicho tupu ni ya mwaka 1990, mwezi ulikuwa na saa 15 na dakika 32, na aliyeuona alikuwa mzoefu anayejua aangalie wapi.

Wavuvi wetu wa pwani haya hawayashangai kwa sababu wao wanaishi na mwezi, bamvua ikija mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji mafu mwezi ukiwa nusu, mzee wa ngalawa anakwambia leo mwezi ngapi bila kalenda. Hata miezi yetu tumeipanga kwa funga, tunahesabu baada ya Ramadhani, mfungo mosi, mfungo pili, mpaka mfungo tisa. Watu wa namna hii kuambiwa hesabu ya mwezi ni kitu cha kigeni, siielewi.

Nikupe mfano ambao wengi mnaukumbuka. Alhamisi ya tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa, kule Rujewa wilaya ya Mbarali mkoani Mbeya watu walijaa kuangalia, jua likabaki pete. Jua halipatwi ila wakati wa mkutano, mwezi unapita katikati kabisa, kwa hiyo siku hiyo mkutano hatukusimuliwa na kompyuta, tuliuona kwa macho mchana kwenye saa sita. Jioni yake kwa hesabu ya Saudia ilikuwa mwezi 29 mfungo pili, usiku wa kutafuta mwezi wa Hija. Umri wa mwezi jua likitua ulikuwa kama saa sita tu. Haukuonekana, wakatimiza 30, mfungo tatu ukaanza Jumamosi tarehe 3, Arafa Jumapili tarehe 11 na Idd Jumatatu tarehe 12. Hesabu na jicho vilisema kitu kimoja. Na angalia vizuri, saa ya kupatwa kwa jua ilitangazwa siku nyingi kabla, watu wakajiandaa kwa swala ya kusufu kwa hesabu hizohizo, sikusikia mtu akisema hii hesabu ni ya makafiri.

Najua jibu la masheikh na sio jibu jepesi. Hadithi iko wazi, fungeni kwa kuuona na fungueni kwa kuuona, mkifunikwa na mawingu timizeni thelathini. Na nyingine, sisi ni umma usiosoma, hatuandiki wala hatuhesabu, mwezi ni hivi na hivi, akaonyesha kwa vidole. Ukiwaambia mbona swala tunaswali kwa ratiba ya ukutani, alfajiri ikihesabiwa jua likiwa digrii 18 au zaidi chini ya upeo wa macho, hakuna anayetoka nje kupima kivuli, wanakujibu kwa hoja ya Imam al-Qarafi, mwanachuoni wa zamani wa madhehebu ya Maliki, kwamba kwenye swala sheria imeufanya wakati wenyewe kuwa sababu, kwenye funga imefanya kuonekana kwa mwezi kuwa sababu, kwa hiyo mwezi kuwepo juu haitoshi. Hoja hii naiheshimu, na ndio maana sisemi tuache kuangalia tufuate kalenda moja kwa moja kama walivyofanya Uturuki, au Baraza la Fiqhi la Amerika Kaskazini tangu 2006. Wao wana mazingira yao. Kwetu kutoka nje kuutafuta mwezi ni ibada na ni raha pia, watoto wamepanda juu ya dari, siitaki ife.

Ninachokitaka ni alichokisema Taqiyuddin as-Subki, sheikh mkubwa wa madhehebu yetu haya haya ya Shafi, aliyefariki mwaka 1355. Alisema ikiwa hesabu ya uhakika inaonyesha mwezi hauwezekani kuonekana, alafu akaja shahidi mmoja au wawili wakasema tumeuona, ushahidi wao haupokelewi, kwa sababu hesabu hiyo ni ya yakini na ushahidi ni wa dhana, na dhana haiondoi yakini. Sharti la kwanza la ushahidi ni kile kinachoshuhudiwa kiwezekane. Si mzungu huyo, wala hakuwa na kompyuta. Jicho linabaki ndio linaloanzisha mwezi, hesabu kazi yake ni kukataa kisichowezekana. Shahidi anaweza kuwa mcha Mungu kabisa na bado akaona Zuhura, au alama ya ndege iliyopita, au wingu jembamba lililopigwa na jua. Kumwambia umechanganya sio kumwita muongo.

Ile ya tufuate Makka au wa kwetu hesabu haiwezi kuimaliza, hiyo ni ya fiqhi na hadithi ya Kurayb ipo, alitoka Sham akamwambia sahaba Ibn Abbas kule Madina kwamba Sham mwezi wameuona usiku wa Ijumaa, Ibn Abbas akasema sisi tumeuona usiku wa Jumamosi na tutaendelea na wetu. Lakini hata hapo falaki inasaidia watu waache kusema visivyo. Nasikia "Makka iko mbali na sisi, matlai tofauti", yani mwezi unaandama kwao na kwetu kwa nyakati tofauti, kumbe Makka na Mombasa ziko karibu kwenye mstari mmoja wa kaskazini kusini, zote kwenye digrii 39 na ushei mashariki. Tofauti yetu ni ya kaskazini na kusini, na huku karibu na ikweta mwezi mchanga mara nyingi unatua wima na unalala chali kama mtumbwi, kwa hiyo kuna miezi sisi tunakuwa na nafasi nzuri ya kuuona kuliko wao.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenye mamlaka wote, kwa mamufti, makadhi na kamati za mwezi, ni kwamba jioni ya mwezi 29 pale mezani akae mtu wa falaki. Kabla ya magharibi watu watangaziwe mkutano ulikuwa saa ngapi, jua linatua saa ngapi, mwezi unatua saa ngapi, na uangaliwe upande gani. Akija shahidi aulizwe, uliuona kulia au kushoto ya jua lilipozama, pembe zilielekea wapi, juu kiasi gani, saa ngapi. Na kwenye madrasa zetu hii ifundishwe, ustadh awatoe watoto nje wachore mwezi kila jioni kwa mwezi mmoja, bei yake ni penseli.

Na kuna siku nzuri ya kuanzia. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa lote, kivuli kitapita Luxor, Jeddah, na Makka yenyewe, Haram itaingia giza mchana kwa dakika tano hivi, na sisi huku pwani tutaona kipande kikiliwa. Itakuwa mwisho wa Safar, mfungo tano, watu wanausubiri mwezi wa Maulidi. Jioni ya siku hiyo mwezi utakuwa na saa tano tu, kwa hiyo waambieni wanenu mapema kwamba akitokea mtu kusema kauona mwandamo wa mfungo sita jioni ile, aulizwe mchana ule jua lilifunikwa na nini.